Ubeti wa Tatu Bila Sauti ya Pili

9 Januari 1986

Mdogo wangu,

Pokea salamu za huku nyumbani. Shemeji yako anaendelea na kazi yake ya stoo na malalamiko yake ya mgongo, na sijui kipi kitamstaafisha kwanza. Wapwa zako wamefungua shule, na yule mkubwa amepasua kiatu wiki ya kwanza tu. Msalimie wifi, na huyo mtoto ambaye bado hatujamwona mbusu kwa niaba yetu.

Sasa nikueleze kilichonikalisha chini niandike wakati sare kumi na nne zinaningoja kwenye cherehani. Mama alilazwa siku sita mwezi uliopita. Tulidhani ni vidonda vya tumbo, na yeye bado anadhani hivyo. Siku ya kutoka daktari aliniita kwenye korido, karibu na ndoo ya deki, akaniambia ni uvimbe mbaya na umeshafika kwenye ini. Nikamwuliza dawa, akatazama ndoo. Nikamwuliza muda, akasema tukifika mwezi wa sita tushukuru. Anasema Mama ana haki ya kujua. Nami kila nikitaka kuanza, namwuliza kama anataka uji.

Kitanda chake tumekisogeza dirishani chumba cha mbele, awasikie wanakwaya wakifanya mazoezi ukumbini, ng'ambo ya uzio. Jumatano na Jumamosi alasiri uso wake unarudi. Mimi nimebaki peke yangu kwenye sauti ya pili. Tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Mwalimu Kijiti wa kwaya hanigombezi tena nikichelewa, anaogopa nitaacha.

Najua chuo kimekushika, na najua kuna watu wamepanga foleni uwatungie nyimbo. Usiniandikie kwamba utaangalia. Njoo umwone wakati bado ana nguvu za kukugombeza.

Dada yako

*

3 Februari 1986

Dada mpendwa,

Barua yako ilikaa siku tisa mezani kwa mkuu wa chuo chini ya vitabu vya mahudhurio, ndiyo maana nimechelewa. Wifi yako anakusalimu sana. Mtoto ameota meno mawili na anatuuma wote bila upendeleo. Mimi asubuhi nafundisha, mchana natunga kwenye kile chumba juu ya fundi viatu, huku nyundo yake ikinichanganyia hesabu ya mapigo. Kiwanda cha sabuni wametaka wimbo wa wafanyakazi, na jina la sabuni lirudiwe mara sita. Nimelirudia mara sita. Ndiyo kazi.

Habari za Mama nilizisoma nimesimama, halafu nikatafuta pa kukaa. Nakuomba, dada, usimwambie. Mtu akishajua anaanza kuondoka kabla ya siku yake. Mwache na vidonda vyake vya tumbo.

Kuja sasa siwezi, muhula ndio kwanza umeanza. Lakini sikukaa bure. Nimeanza kumtungia wimbo, wa siku ya kumsindikiza. Usinikasirikie. Kazi yangu ni hiyo tu, na mikono imekataa kufanya nyingine.

Kwa kawaida naanza na maneno. Nayasema kwa sauti nikizunguka chumba mpaka nijue kila neno linapumua wapi, maana ukiweka pigo zito mahali pasipo pake, watu watacheka hata msibani. Safari hii nimeanza na besi, kwa sababu ya pasi. Unamkumbuka Mama miaka yote ile kwenye chumba cha kufulia cha hospitali: pasi inakwenda polepole, inarudi haraka, inakwenda polepole, inarudi haraka, naye anaimba kafumba mdomo. Hiyo ndiyo besi yangu. Pipa wenu wa besi hawezi kushuka chini ya ile sol yake, basi nimeishia hapo. Sauti ya tatu nimeikatakata vifungu vifupi kwa ajili ya fundi rangi, ambaye pumzi yake unaijua. Hakuna nota hata moja humu ambayo sikuiandika nikiuona mdomo utakaoiimba.

Nakutumia beti mbili, wa tatu bado. Maneno ya wimbo nimeyatia kwenye bahasha yake peke yake. Mpe Mwalimu Kijiti ayafungie kabatini. Kwaya iimbe kwa do re mi tu mpaka siku yenyewe. Mama akisikia, atajua ni wimbo wangu mpya, basi.

Mdogo wako

*

22 Februari 1986

Mdogo wangu,

Tumepokea barua na karatasi zote, hazikukunjika. Hatujambo, ukiacha Mama. Gauni lake nimelipunguza mara mbili, na mara ya pili nikamwambia kitambaa kimelegea kwa kufuliwa. Mtu aliyefua na kupiga pasi mashuka ya hospitali miaka ishirini na sita, namdanganya habari za kitambaa. Alilisugua pindo kwa vidole viwili, akaliachia.

Wimbo tumeuanza. Bahasha iko kabatini na ufunguo anao Mwalimu. Moyoni sikukubali, lakini nimefanya ulivyosema. Mama anaufurahia mpaka naona aibu. Jumatano alinituma nikamwambie fundi rangi kwamba ameshusha mi ya kifungu cha nne. Nikamwambia, akaapa hajashusha. Mwalimu akampima kwa kinanda, na kweli alikuwa ameshusha. Kwaya nzima ilicheka, na Mama kule dirishani akacheka mpaka akakohoa.

Anasema hiyo besi ameisikia mahali ila hakumbuki wapi. Pipa akianza tu, mimi nainamia karatasi.

Barua yako ni ndefu na nzuri, lakini nilikuomba kitu kimoja na humo hakimo.

Dada yako

*

11 Machi 1986

Dada,

Sisi wazima. Mtoto alikuwa na homa, imepita.

Ubeti wa tatu huu hapa. Nimeufuta mara nane, karatasi imekuwa nyembamba mahali. Mwalimu aunakili upya. Katika ubeti huu sauti ya pili inanyamaza mwanzo hadi mwisho. Mstari wake una nukta tupu. Sijakosea, msiujaze.

Muhula unafungwa mwezi wa nne. Nitakuja.

Mdogo wako

*

29 Machi 1986

Mdogo wangu,

Shemeji yako mzima, wapwa zako wazima. Sina habari njema zaidi ya hiyo.

Mama anajua.

Jumamosi tuliimba ubeti wa tatu kwa mara ya kwanza. Mimi nilikaa na karatasi yangu ya nukta, nikihesabu mapigo kimya. Niliporudi nyumbani nilimkuta amekaa wima kitandani, jambo ambalo hajalifanya tangu mwezi wa pili.

"Mbona mwishoni hukuimba? Umeugua koo?"

"Hapana, Mama. Hamna sauti ya pili hapo."

"Imekwenda wapi?"

"Imeandikwa hivyohivyo."

"Kalete karatasi."

Ningesema imebaki ukumbini. Sikuwahi kufikiri kwamba karatasi ya nota ni kitu cha kuficha. Nilikwenda nikaileta, nikamtia mikononi mwenyewe. Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, sauti zote nne, midomo ikicheza. Alipofika kwenye zile nukta, kidole kikaenda nazo moja baada ya moja hadi mwisho wa ukurasa.

"Mwanangu hajawahi kuacha sauti wazi," akasema. "Hata wimbo wake wa sabuni una sauti nne."

Kidole kikashuka kwenye mstari wa besi.

"Na hii besi ni pasi yangu. Nimeijua leo." Akaikunja karatasi vizuri, kama anavyokunja kila kitu. "Daktari amesema naondoka lini?"

Nilimwambia, mdogo wangu. Nilimwambia yote, korido na ndoo na mwezi wa sita. Nilipiga magoti pale chini nikalia kama mtoto, na mgonjwa ndiye aliyenishika kichwa. Akaniuliza maneno ya wimbo yako wapi. Nikamwambia yamefungiwa kabatini ili asijue. Basi akacheka. "Mmenificha maneno, mkaniachia nota! Niliyewafundisha do re mi kabla hamjajua a e i o u! Mlidhani nasoma kipi?"

Halafu hakuzungumza na mtu siku tatu. Chakula alikuwa anageuza uso. Unajua kinachomuuma ni nini? Kufa hakumshangazi, umri anao. Kinachomuuma ni kwamba mwezi mzima kwaya yote ilikuwa inamwimbia msiba wake mbele ya dirisha lake, naye anawasahihisha na kucheka. Mimi nilikuwemo humo ndani, nikiimba. Sijui nitajisamehe lini.

Siku ya nne aliniita. Anataka kujua kwa nini ulimtoa kwenye ubeti wa tatu. Anataka umjibu kwa mdomo, akikuangalia.

Muhula unafungwa wiki mbili zijazo. Nimetandika kitanda cha chumba cha nyuma.

Dada yako

*

19 Aprili 1986

Dada mpendwa,

Wifi anakusalimu na anaulizia kama Mama anapata usingizi. Mtoto sasa anasimama akishika kiti.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, wala sijui nianzie wapi. Nianzie na ninachokijua. Sauti ya kwanza inabeba wimbo na besi inashika chini. Ya tatu inapaka rangi. Ya pili hakuna anayeisikia, lakini ukiitoa tu kila mtu anahisi baridi imeingia na hajui imepitia wapi. Nilitaka baridi hiyo. Ni ufundi, dada. Ningekuwa namtungia mtu mwingine mngenisifu.

Na kuna jambo jingine. Kwenye sauti ya pili umebaki wewe tu. Nilijiuliza siku ile utaimbaje. Nilikuona umesimama pale na karatasi, na watu wanakutazama. Nikaona nikutoe. Zile nukta sikumwandikia Mama, nilikuandikia wewe, upate nafasi ya kulia. Mwambie hivyo. Mwambie sikumtoa.

Nilisema nitakuja. Mkuu amenipangia kusimamia mitihani ya likizo, na mwalimu mwenzangu ni mgonjwa. Lakini kosa langu nataka kulisahihisha. Mama ndiye sauti ya pili nzuri kuliko zote nilizowahi kuandikia. Mwombe aseme anataka iimbe nini katika ubeti wa tatu. Wewe andika, nitumie kwa posta, nami nitaiweka mahali pake na kurekebisha nyingine ziifuate.

Mdogo wako

*

6 Mei 1986

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Nilimsomea Mama barua yako yote, pamoja na hiyo baridi yako. Alisikiliza. Nilipofika pale pa kunipa nafasi ya kulia alisema, "Hapo kidogo ana akili." Nilipofika kwenye mitihani ya likizo aliniomba maji.

Sauti ya pili ya ubeti wa tatu amekwisha kuitunga. Aliianza siku zile tatu za kunyamaza, ndiyo maana alinyamaza. Nikachukua penseli. Akanikamata mkono. "Haiandikwi hii. Nikiiandika atapelekewa na posta. Akiitaka aje aisikie."

Basi ananifundisha kwa mdomo. Kila asubuhi nikishamwogesha na kumbadilisha shuka, anaimba nota tatu, anapumzika, mimi nazirudia. Nikikosea ananipiga kidole kwenye goti. Kifungu kimoja kinachukua siku mbili, maana pumzi hana. Vifungu ni nane, tumefika cha sita. Mwalimu Kijiti alisikia habari akaja kusimama nje ya dirisha na daftari, akijifanya anatazama maua. Mama akanyamaza mpaka mtu wa watu akaondoka. Nimeapishwa: sitaiandika, sitampa mtu aiandike.

Nikuambie ilivyo? Sitakuambia. Nitakuambia tu kwamba nilidhani itakuwa ya huzuni, na sivyo.

Daktari alikuja jana. Hahesabu tena miezi. Mama anakuulizia kila gari likisimama nje, halafu anajifanya alikuwa anaulizia kitu kingine. Mtunzi hatumhitaji, tunaye mmoja hapa kitandani. Tunamtaka mtoto wake.

Dada yako

*

14 Juni 1986

Dada,

Simu yako ya maandishi ya msiba niliipata tarehe ishirini na sita Mei, saa nne asubuhi, darasani, mbele ya wanafunzi. Niliikunja nikamalizia somo. Somo lilikuwa la mizani ya mapigo matatu. Siku hizi zote nimeshindwa kukuandikia, na hata leo sina salamu za maana. Wifi yako hasemi nami vizuri. Anasema angekuwa mama yake angetembea kwa miguu.

Hakukuwa na mitihani ya likizo. Nilikudanganya, na Mama alijua, nimeona kwenye barua yako. Mara mbili nilikata tiketi. Mara ya pili nilifika kituoni nikaweka begi juu ya kiti, na basi lilipowashwa nikateremka. Nikwambie kwa nini, halafu unichukie ukitaka. Wimbo wote niliuandika nikimwona Mama wa pasi, mikono minene, jasho, mvuke. Nilijua nikimwona alivyo sasa, huyo wa pasi atafutika, na wimbo utakwama. Nikasema nimalize kwanza, kisha niende. Nilipomaliza nikasema nirekebishe kwanza. Nilimchagua yule wa kwenye karatasi, dada, kwa sababu yule hafi. Nasikia aibu ninavyoandika hivi, lakini ndiyo hali.

Hata kuzika sikuja. Nilivaa viatu nikakaa kitandani navyo mpaka jioni.

Niambie wimbo ulisikikaje. Niambie Pipa alifika chini. Na nakuomba, kwa jina la Mama, niandikie ile sauti ya pili. Chuo kinataka kuuchapa wimbo huu na kuufundisha. Siwezi kuutoa na ubeti wenye nukta, wala siwezi kuzijaza mwenyewe. Nimejaribu, kila ninachoandika ni changu. Vifungu vinane tu. Nitaweka jina lake juu yake.

Mdogo wako

*

2 Julai 1986

Mdogo wangu,

Wapwa zako wanaendelea na shule. Shemeji yako ameusahau mgongo tangu msiba, au anaona si wakati wa kuutaja. Mwambie wifi nimesikia alichosema na namshukuru.

Sikuchukii. Nilikuchukia pale kaburini, kwa muda wa beti mbili. Pipa alifika chini. Fundi rangi hakushusha kitu. Ulipoingia ubeti wa tatu Mwalimu Kijiti alishusha kijiti chake, akaniacha niende kwa mwendo wangu, nami niliimba vifungu vyote vinane bila kulia. Nililia baadaye jikoni, na masufuria ya watu mikononi. Siku zake mbili za mwisho Mama hakuwa anaulizia magari tena. Nakuambia kwa sababu ungeniuliza siku moja, na nisingependa kukudanganya.

Kuiandika sitaiandika. Niliapa, naye akanishika mkono nikiapa. Mwambie mkuu wa chuo achape beti mbili.

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu. Ile sauti inanitoka. Nilikuwa naiimba kila asubuhi nikifagia kile chumba, nikidhani itakaa. Wiki iliyopita nilikwama kifungu cha tano. Nilijaribu kupanda, nikajaribu kushuka, na zote mbili zinakaa vizuri tu juu ya besi yako, wala sijui ya Mama ni ipi. Niliwauliza wenzangu. Pipa anasema nilipanda. Fundi rangi anaapa nilishuka. Wengine walikuwa wanasikiliza sauti zao.

Leo asubuhi cha sita nacho kimeanza kuyumba. Kama unakuja, njoo wiki hii.

Dada yako